Je, Wajua? Tangazo Linalovaliwa Kichwani

Ukipanda kilima cha Makindye, jijini Kampala, kutoka Nsambya au Kabalagala, huchukui muda kupishana na bodaboda yenye kofia ngumu za rangi ya chungwa. Hilo ndilo tangazo la SafeBoda, kampuni iliyoanzishwa jijini humo mwaka 2014. Kati ya waasisi wake watatu, mmoja, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha bodaboda. Wenzake ni Alastair Sussock na Maxime Dieudonné. Programu yao humwonyesha abiria nauli kabla hajapanda, na ule ubishi wa bei kando ya barabara, ambao wengine tuliufurahia, ukapungua. Lakini kilichoitangaza zaidi, kwa maoni yangu, ni ile kofia: dereva ana yake, abiria ana yake.

Wenye mitaji waliiona. Mwaka 2019 waliingia Allianz X ya Ujerumani na Go-Ventures, mfuko wa uwekezaji wa Gojek ya Indonesia. Oktoba 2021 Google ilitangaza mfuko wa dola milioni 50 kwa kampuni changa za Afrika. Desemba hiyohiyo, fedha za kwanza zikaenda SafeBoda. Nairobi haikuwa rahisi hivyo: kampuni iliingia huko 2018, ikafunga 2020.