Klachi ya Trekta la Nyumbani



Ndugu wasomaji, miongoni mwa maombi ya fedha yanayotufikia huku ughaibuni, baada ya ada za skuli na gharama za matibabu, lipo moja linalojulikana sana na jamaa zenye mashamba: trekta limekufa klachi. Fedha hupelekwa, trekta hufufuka, na kabla msimu haujesha habari ile ile hurudi. Hapo ndipo ndugu huanza kutiliana shaka. Aliyeko huku hudhani amelaghaiwa, na aliyeko kule huona amevunjiwa heshima. Aghalabu hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni kuifahamu kazi yenyewe. Kwa hiyo tumeonelea tuieleze.

Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, trekta ambalo wengi wetu tunalijua. Lilianza kuundwa mwaka 1964 katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Mengi yalifungwa injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3. Ni vyombo vya karibu nusu karne au zaidi, na bado vinalima, huku Uingereza na kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa spea zake zingali zinatengenezwa na fundi mwenye uzoefu anaweza kuzifunga.

Klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi. Pleti yenye lainingi pande zote mbili hubanwa na springi kali kwenye flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Dereva akikanyaga pedali, springi huachia, na injini huzunguka peke yake bila kulivuta trekta. Katika matrekta mengi ya 135 klachi ni ya ngazi mbili: ukikanyaga nusu, trekta huacha kwenda, ukikanyaga hadi chini, husimama pia ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine. Kwa hiyo pleti ni mbili. Anayeagiza spea bila kulijua hilo huenda akaletewa kitu kisichofaa.

Dalili za ugonjwa ni mbili. Injini ikinguruma bila trekta kuongeza mwendo, hasa likivuta jembe katika udongo mzito, tena kukawa na harufu ya kuungua, klachi inateleza. Gia zikikwaruza wakati wa kuingia ingawa pedali imekanyagwa yote, klachi haiachii. Hata hivyo, kabla ya kufungua chochote, sharti pedali ipimwe mchezo wake, yaani ile nafasi ya mwanzo ambayo mguu hushuka bila kukuta uzito. Mara nyingine dawa ni kurekebisha nafasi hiyo tu, wala hakuna pleti ya kununuliwa.

Ikithibitika kwamba klachi imekwisha, trekta hugawanywa vipande viwili. Trekta la aina hii halina fremu kama lori. Injini na giaboksi ndizo mwili wake. Kwa hiyo hufunguliwa boneti, nyaya, mirija na vyuma vya usukani, kisha bolti zinazoshika injini na giaboksi, na sehemu ya mbele ikasukumwa kando. Hapa pana hatari ya roho. Ekseli ya mbele huchezea katikati kama mizani, na isipopigwa kabari za mbao pande zote mbili, injini inaweza kupinduka. Kila kipande kiegemee juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi. Vumbi la klachi nalo lisipulizwe kwa upepo, bali lifutwe kwa kitambaa kibichi. Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asibesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999.

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kazi kubwa ni kulifungua trekta, si kubadilisha pleti. Madhali limefunguliwa, kila kilichomo mle kikaguliwe siku hiyo hiyo. Oili sili ya nyuma ya injini na ile ya mbele ya giaboksi zibadilishwe, kwa sababu oili ikidondokea pleti mpya itateleza kama ile ya zamani. Rilizi beringi nayo iwe mpya, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili pia. Flaiwili ikiwa na nyufa au mabaka ya buluu yaliyotokana na joto, ipelekwe kwa mkerezaji. Anayenunua pleti peke yake ili kuokoa fedha ndiye anayelipia kazi hiyo mara mbili.

Wakati wa kufunga, pleti iwekwe katikati barabara kwa kutumia shafti ya kupimia, na vile vidole 3 vya klachi virekebishwe viwe na kimo kimoja. Vipande viwili vikikataa kukutana, injini izungushwe taratibu kwa mkono mpaka meno yaingiane. Kamwe visivutwe kwa nguvu ya bolti, kwani pleti itapinda kabla haijafanya kazi hata siku moja. Baada ya hapo dereva ausiwe asipumzishe mguu juu ya pedali. Mazoea hayo huua klachi upesi.

Wewe uliyeko huku, kabla ya kupeleka fedha uliza kwanza: klachi ni ya ngazi moja au mbili? Sili na beringi zimo katika hesabu? Flaiwili imetazamwa? Omba picha ya vitu vya zamani karibu na vipya, na makubaliano na fundi yaandikwe. Haya si kumdhania mtu ubaya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandikiana madeni. Ikiwa deni huandikwa, na fedha ya jasho letu inayopita mikono mitatu isiandikwe kwa nini? Maandishi humlinda fundi, humlinda ndugu aliyeko shambani, na huuhifadhi udugu wenyewe, ambao ukivunjika hauna spea.

Wabillahi tawfiq.