Kipimo kama cha sukari, lakini cha maji

Mtaani tunajua kanuni ya maji: chemsha, acha yapoe, kunywa. Poa, kuchemsha kunaua viini. Lakini dawa ya kunyunyizia mimea si kiini. Mvua ya masika ikinyesha, inasomba mabaki yake kutoka shambani hadi mtoni, na moto wa jikoni hauwezi kuaminiwa kuyamaliza. Yakiwa kidogo, huyaoni wala huyanusi.

Kidogo kiasi gani? Muungano wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 pekee ya dawa moja katika lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: hiyo ni gramu moja ndani ya malori 1,000 ya maji, kila lori likibeba lita 10,000. Kuisaka gramu hiyo ni kazi ya maabara yenye mashine ghali, na majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa. Wewe ushakunywa.

Sasa, unajua kale kamashine ka kupima sukari? Tone la damu linaingia kwenye kijiti, kimeng'enya kinaishughulikia sukari, umeme kidogo unatokea, kamashine kanausoma.

Kihisi cha dawa za wadudu kinafuata njia hiyo, ila kinyume. Kijiti kinapakwa asetilikolinesterasi, kimeng'enya ambacho hata wewe unacho kwenye neva zako. Kikipewa kemikali yake kuivunja, umeme unapita vizuri. Dawa kama chlorpyrifos ikiwemo majini, inakikaba kimeng'enya, vile inavyomfanyia mdudu, na umeme unashuka. Ukishuka sana, dawa ni nyingi.

Lakini tusidanganyane. Kijiti hakitaji jina la dawa, kwa sababu organofosfeti na kabameti zote hukaba kimeng'enya hicho. Dawa za aina nyingine zinaweza kupita bila kuonekana. Joto hukidhoofisha, na metali kama zebaki majini zinaweza kukipotosha. Kwa hivyo kichukulie kama soja wa geti: yeye anapiga filimbi, maabara ndiyo inatoa hukumu.

Ila filimbi ikilia siku hiyo hiyo, bomba la mradi wa maji linaweza kufungwa kabla watu hawajajaza mitungi. Kwa hivyo wewe unayesoma kemia, ama unayeshinda na waya na solda, kazi ipo: kijiti cha bei nafuu kitakachostahimili joto la Kitui na tope la Mto Athi.