Jodari wa Atlantiki, samaki wa damu ya moto aliyeponea chupuchupu

Jodari wa mikebe inayouzwa madukani Goma na Bukavu kwa kawaida ni wa aina ndogo. Ndugu yake mkubwa wa bahari ya Atlantiki, ambaye Wafaransa wanamwita thon rouge, anaweza kupita mita 3 kwa urefu. Mmoja aliyevuliwa Kanada mwaka wa 1979 alikuwa na kilo 679, uzito wa ng'ombe dume.

Samaki huyu hasimami. Mashavu yake hayawezi kuvuta maji yenyewe, ni lazima aogelee mdomo wazi ili apate hewa. Akizuiliwa, anakosa pumzi.

Lakini ajabu kubwa zaidi iko katika damu yake. Samaki karibu wote wana joto sawa na la maji yanayowazunguka. Jodari yeye anatunza moto wake. Mishipa inayotoa damu ya moto kwenye misuli imelala ubavu kwa ubavu na ile inayoleta damu baridi kutoka mashavuni. Joto linahamia kwenye damu inayoingia na kurudi mwilini, kabla halijapotelea baharini. Hivyo misuli yake inaweza kuyazidi maji kwa nyuzi zaidi ya 10. Ndiyo maana anawinda heringi na ngisi katika baridi ya kaskazini, anazama hata zaidi ya mita 1,000, kisha anarudi kutaga katika maji ya moto ya Mediterania ama Ghuba ya Mexico.

Mwenye kuvuka bahari nzima hana inchi, na hapo ndipo balaa ilianzia. Japani ililipa bei kubwa kwa nyama yake, na meli zikavua bila kujizuia. Mwaka wa 2007, tume ya kimataifa ya ICCAT iliruhusu tani 29,500 upande wa mashariki na Mediterania. Wataalamu wake walikadiria kwamba zilivuliwa karibu tani 61,000.

Mwaka wa 2010, huko Doha, Monaco iliomba biashara ya kimataifa ya samaki huyu ipigwe marufuku. Ilishindwa kwa kura 68 dhidi ya 20. Hata hivyo, kiwango cha mwaka huo kilikuwa kimeshushwa hadi tani 13,500 na ukaguzi ukakazwa. Mwaka wa 2021 jodari huyo aliondolewa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Wale wanaotaga Ghuba ya Mexico, wao, bado hawajarudia wingi wa miaka ya 1970.