Mgongo kutiwa vyuma: yajue haya kabla ya kukubali kisu

Lori likitoka Bandari ya Mombasa hadi Malaba hukata takriban kilomita 900, kisha dereva hukaa foleni akingoja kuvuka kuingia Uganda. Jirani yake Busia wako makuli wa kubeba magunia na vijana wa bodaboda, neno lililozaliwa mpakani huko enzi za baiskeli za kuvusha watu kutoka boda hadi boda. Wote hawa adui yao ni mmoja: kiuno. Na siku hizi mgonjwa akilalamika sana, haikosi mtu wa kumwambia, "Nenda ukatiwe vyuma."

Tuelezane basi vyuma hivyo ni nini.

Kiunoni mna pingili tano za uti wa mgongo, na kati ya pingili na pingili mna diski, mfano wa kijito kidogo cha kupunguza mshindo. Pingili ikiteleza, ikivunjika au ikiliwa na kifua kikuu, mishipa ya fahamu iendayo miguuni huweza kubanwa. Daktari humlaza mgonjwa kwa nusu kaputi, huondoa kinachobana, hufunga pingili mbili au zaidi kwa skrubu na vyuma, kisha huweka vipande vya mfupa, mara nyingi kutoka nyongani kwa mgonjwa mwenyewe. Vyuma ni vya kushikilia tu. Kinachoponya ni mfupa kuota na pingili kuwa kitu kimoja. Upasuaji wa namna hii ulianza New York mwaka 1911, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa wa kifua kikuu cha mgongo.

Lakini si kila kiuno kinachouma kinahitaji kisu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 349 wenye maumivu sugu, haukupata ushahidi wa wazi kwamba kuunganisha pingili kunashinda mazoezi makali yenye usimamizi. Kwa hiyo muulize daktari: picha inaonyesha kasoro gani hasa, na njia nyingine zimeshajaribiwa?

Kuna dalili zisizongoja mjadala. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila kujijua, haja kubwa ikishindwa kuzuilika, ganzi ikiingia sehemu za siri, au miguu ikilegea ghafla, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji, wengi husimamishwa na kutembezwa siku ya kwanza au ya pili. Kutembea kidogo kidogo kila siku ndiyo dawa. Kinachokatazwa wiki za mwanzo ni mambo matatu: kuinama, kunyanyua vizito na kujipinda kiuno. Mfupa huchukua miezi kadhaa kushikana, wakati mwingine mwaka. Sigara huuzuia usiote, basi aache kabla hata ya kulazwa. Dawa za maumivu asijinunulie dukani, kwani baadhi yake huweza kuchelewesha mfupa kushikana.

Nyumbani napo patengenezwe mapema. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani. Tafuteni kiti chenye tundu. Maji achotewe. Kitanda kisiwe cha chini mno. Anayeswali aketi kitini, rukuu na sijida azifanye kwa ishara bila kujikunja. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, arudi hospitali asingoje siku ya kliniki.

Jambo linalosahaulika ni riziki. Dereva wa masafa marefu au kuli hatarudi kazini baada ya wiki mbili. Ahesabu miezi, na huenda kazi ya kubeba magunia asiirudie kabisa. Pingili zilizounganishwa hazipindi tena, na za jirani hubeba mzigo zaidi. Kwa hiyo familia ikichanga fedha za hospitali, ichange pia za unga, kodi na nauli ya kliniki. Tajiri mwenye lori naye aelezwe mapema, ili mtu apewe kazi nyepesi badala ya kurudishwa nyuma ya usukani mfupa haujashika.

Kisu huchukua saa chache. Kupona ni kazi ya nyumba nzima, na kazi hiyo hupangwa kabla mgonjwa hajatia saini.