Kilichofutika hakitoi ushahidi

Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu, walinena wahenga. Leo naomba ruhusa ya msomaji niongeze kwamba kuna vitu ambavyo, ukivilazimisha ving'ae, unavinyamazisha milele.

Wakati wa likizo ya Agosti nilikuwa nyumbani Asembo Bay, katika Kaunti ya Siaya, kwenye ufuo wa Ghuba ya Winam ambako akina mama huanika omena. Alasiri moja alinijia kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mkono mmoja ulikuwa na nusu ya ndimu, na wa pili sarafu nyeusi, nzito, iliyolika kama kipande cha sabuni. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita sokoni alikuwa amemwambia kwamba sarafu kuukuu hulipiwa vizuri zaidi ikiwa inang'aa.

"Nilitaka kuisugua kwa ndimu na majivu, mwalimu," akasema, "lakini dani amenikataza mpaka wewe uisome."

Nilimshukuru dani yake moyoni, kwani nililijua kosa hilo kwa kulitenda. Mwaka 1991, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, niliichukua sarafu ya nyanya yangu mwenyewe, nikaisugua kwa mchanga wa ziwa na majivu ya jikoni hadi ikawaka kama kioo. Nilimpelekea kwa fahari. Aliigeuza upande huu na upande ule, akanirudishia bila neno. Sasa nimesoma hadi shahada ya uzamifu, na ile sarafu ningali ninayo. Ni kisahani cha shaba kisicho na mwaka, jina wala nchi. Nilikisafisha mpaka kikawa bubu.

Basi tuliiweka ndimu kando, tukaketi dirishani. Sarafu iliyolika haisomwi kwa mwanga wa juu. Husomwa kwa mwanga unaoingia ubavuni, nawe unaigeuza polepole mpaka kila mwinuko uliosalia utupe kivuli chake. Kwanza likajitokeza umbo la taji. Chini yake zikafuata, kwa shida, tarakimu za mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili palikuwa na 20 kubwa, na neno ambalo mwanzo wake na mwisho wake vilionekana wazi: HELLER.

Hapo nilijua tumeshika nini. Heller ilikuwa fedha ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani tangu mwaka 1904, rupia moja ikiwa na heller 100. Kabla ya hapo rupia iligawanywa katika pesa 64. Heller za kawaida zilipigwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wanamaji wa Uingereza wakaifunga pwani, na sarafu zikaadimika. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani wakaamua kupiga sarafu zao wenyewe kule Tabora, katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano waliyoweza kuikusanya. Herufi T ni alama ya Tabora. Kazi hiyo haikudumu, kwa kuwa mnamo Septemba 19, 1916 mji huo ulitwaliwa na majeshi ya Ubelgiji.

Sarafu hupigwa kwa vyuma viwili vigumu vilivyochongwa picha na maandishi kinyumenyume, kimoja cha kila upande. Nitaviita chapa. Chapa ikichakaa au ikipasuka, huchongwa nyingine, na mkono wa mwanadamu haurudii kitu kimoja sawasawa mara mbili. Kwa hiyo wachunguzi wa heller 20 za Tabora wametambua chapa mbili za upande wa taji, moja ikiwa na taji kubwa na nyingine taji dogo. Kwa upande wa thamani wametambua chapa tatu, na tofauti iko katika herufi L mbili za neno HELLER. Katika chapa ya kwanza, L ya pili peke yake ina ncha iliyojikunja. Katika ya pili, L zote mbili zina ncha zilizochongoka. Katika ya tatu, L zote mbili zimejikunja.

Kijana aliichukua lenzi yangu, akainama kwa muda mrefu. "L ya pili imejikunja," akasema. Nikatazama, kweli, palikuwa na kijipindo kidogo, kimesalia kwa sababu kilikuwa karibu na ukingo wa shimo lililohifadhi uchafu. "Na L ya kwanza haijajikunja. Basi hii ni chapa ya kwanza!"

Alikuwa mwerevu, na alikuwa amekosea. L ya kwanza ilikuwa imelika hadi mguuni. Ncha yake haikuwapo, lakini haikuwapo kwa kuwa imesagwa na vidole na vitambaa kwa zaidi ya miaka 100. Hatukuwa na haki ya kusema kwamba haikuchongwa kamwe. Kijipindo kilichosalia kilitosha kuiondoa chapa ya pili, ile ya ncha zilizochongoka. Kati ya chapa ya kwanza na ya tatu, sarafu ile haikusema lolote, nasi hatukuruhusiwa kuisemea. Kilichobaki ni shahidi; kilichofutika hakitoi ushahidi wa upande wowote.

Wanaojua kanuni hii barabara ni wachunguzi wa senti kubwa za shaba za Marekani, zilizopigwa kuanzia mwaka 1793 hadi 1857. Chapa za miaka ile ya mwanzo nazo zilikamilishwa kwa mkono, na mwaka 1949 William H. Sheldon alichapisha kitabu kilichoziorodhesha aina zake moja moja kwa namba. Senti nyingi kati ya hizo zimelika hata mwaka hausomeki. Mchunguzi haanzi kwa kutafuta mwaka. Huanza kwa kuuliza ni nini kilichosalia: jani limeelekea herufi gani, tunda la shada liko juu au chini ya mstari, ufa wa chapa umepita wapi. Akipata alama mbili tatu za uhakika, huziondoa chapa zisizoafikiana nazo. Zikibaki mbili, huandika mbili. Haandiki moja ili apate kusifiwa.

Walimu wenzangu wa Kiswahili watauliza haya yananihusu nini mimi, mtu wa isimu. Yananihusu sana. Chukua kitenzi fungua. Ukikitazama peke yake utaapa kwamba hakina l. Kitie katika hali ya kutendwa: funguliwa. L hiyo imetoka wapi? Tazama pia chukua na chukuliwa, pokea na pokelewa. Kisha linganisha njia yetu na njĩra ya Wagĩkũyũ. Katika Kiswahili sauti hiyo imesagika kati ya irabu mbili kwa kutumiwa na vinywa vya vizazi vingi, kama ncha ya L ilivyosagika juu ya sarafu. Mwanafunzi atakayehukumu kwa fungua peke yake atakosea kama alivyokosea yule kijana, na kwa sababu ile ile. Umbo la kutendwa ndio mwanga wetu wa ubavuni.

Tena lugha ina rehema ambayo sarafu haina. Heller ilikufa pamoja na utawala uliyoileta, lakini jina lake lingali katika vinywa vya Watanzania kila siku wanapotaja hela.

Dani alikuja jioni, akaketi kwenye kiti alichoandaliwa. Sarafu hiyo, alieleza, ilikuwa ya baba mkwe wake, ambaye alichukuliwa wakati wa vita ile kubebea Waingereza mizigo. Nyanza ilitoa wapagazi wengi katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo lilisagika nalo likatuachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Upande huu wa mpaka fedha halali zilikuwa rupia na senti, kwa hiyo heller ile haikuwa ya kununulia chumvi. Ilikuwa ya kukumbukia.

"Japuonj," akaniuliza, "jina lake limeandikwa hapo?"

Nikamjibu, "Hapana, dani. Limeandikwa jina la mji na la serikali."

"Basi andikeni nyinyi."

Kijana akafungua daftari lake. Akaandika jina la mzee, mahali alikozikwa, nani aliitunza sarafu baada yake, na katika mkebe gani. Chini yake akachora L mbili, moja ikiwa na kijipindo na nyingine ikiwa imekatwa kwa vistari, na mbele yake akaandika: chapa ya kwanza au ya tatu. Ndimu tuliikamulia samaki.

Ndugu walimu, mikebe kama ile imo katika nyumba nyingi za wanafunzi wenu, na wanunuzi hawalali. Si suala la hisia tu. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na havipaswi kupelekwa ng'ambo bila kibali. Pice ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, imo ndani ya mpaka huo. Heller ya Tabora ya mwaka 1916 haimo. Mtoto atakayeufuta mwaka kwa majivu atakuwa ameufuta pia ulinzi wa sheria.

Napendekeza basi kila chama cha historia shuleni kiwe na daftari moja. Sarafu isioshwe wala isisuguliwe. Ipimwe upana wake, ichorwe pande zote mbili, iandikwe ni ya nani na ilipitia mikono gani, kisha irudishwe kwa mwenyewe. Pale isiposomeka, mwanafunzi aandike kwamba haisomeki, na apewe alama zake kamili kwa kuandika hivyo. Tumewazoesha watoto wetu kwamba swali lisilojibiwa ni aibu, nao wameshika ndimu na majivu ili kila kitu king'ae mbele ya mtahini.

Ile sarafu ya nyanya yangu ningali ninaiweka mezani pangu chuoni. Wanafunzi huniuliza ni ya nchi gani. Huwaambia ni yangu mimi, kwa maana alama pekee zilizosalia juu yake ni mikwaruzo niliyoichora kwa mkono wangu.