Unene wa Mwili na Mionzi katika Tiba ya Mapigo ya Moyo



Askari huzoea kupimwa uzito na kimo tangu siku ya kuandikishwa, na wengi hudhani kuwa vipimo hivyo ni vya gwaride na mbio tu. Lakini siku atakapolazwa juu ya meza ya hospitali ili mapigo ya moyo wake yarekebishwe, unene wa kifua chake utachangia sana kuamua apate mionzi kiasi gani.

Moyo huendeshwa na umeme mdogo unaozalishwa ndani yake wenyewe. Umeme huo ukipita njia zisizo zake, moyo hupiga kwa kasi au ovyo. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, nchini Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionyesha kwamba mapigo ovyo ya vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huanzia katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo tiba ya kuziba njia hizo kwa kuunguza imeenea duniani. Daktari huingiza nyaya nyembamba katika mshipa wa paja hadi moyoni, naye huziona kwa picha za eksirei.

Hapo ndipo unene unapoingia. Nyama na mafuta huzuia miale. Kwa makadirio, kila sentimita 3 hadi 4 huipunguza nusu. Picha ikififia, mtambo huongeza miale wenyewe. Hivyo kifua kilichozidi kingine kwa sentimita 8 huweza kuhitaji miale mara 4 hadi 6 ili picha iwe ile ile.

Wala haimfiki mgonjwa peke yake. Miale ikigonga mwili hutawanyika, na daktari na wauguzi huipata kila siku ya kazi. Ndiyo maana huvaa mavazi yenye madini ya risasi. Akirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, mtumishi hupata takriban robo tu.

Je, mtu mnene anyimwe tiba? La hasha. Mapigo ovyo huweza kuleta kiharusi na kuudhoofisha moyo, na hatari hiyo haingoji. Linalotakiwa ni uangalifu: kupunguza idadi ya picha kwa sekunde, kubana eneo linalopigwa, kusogeza kipokea picha karibu na kifua, na kutumia ramani ya umeme wa moyo inayochorwa na kompyuta pasipo eksirei.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Unene wenyewe huchochea maradhi haya. Utafiti wa Adelaide, nchini Australia, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wagonjwa wanene waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao.

Basi askari asione haya kumwuliza daktari atapata mionzi kiasi gani, wala asidharau mizani ya kikosi.