Msitu Usipomfaa Jirani, Nani Ataulinda?

Ndugu wanakikundi, hebu tuanze na swali. Ndovu ametoka msituni usiku, akamaliza mahindi yako yote. Asubuhi unaambiwa, "Usikate hata ufito mmoja, huu ni msitu wa serikali." Je, utaupenda msitu huo? Wengi watasema hapana, na huwezi kuwalaumu.

Ndivyo walivyosema majirani wengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Walitaka ukatwe, wagawiwe mashamba. Hebu tuone ni nini kilichobadilisha mawazo.

Nyumba yenye vyumba vitatu

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Ukiupita kwa matatu utadhani ni miti tu. Lakini watafiti wameonyesha kwamba ni kama nyumba yenye vyumba vitatu. Penye mchanga mweupe pana mirihi. Penye udongo mwekundu pana vichaka vizito, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1965. Chumba cha tatu ni mchanganyiko wa miti mingi, pamoja na mbambakofi.

Kila mnyama ana mahali pake. Chukua sange, yule mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Yeye hutafuta wadudu chini ya majani makavu, na kwa majani hayo hayo hujenga kiota chake ardhini. Kwa hiyo si lazima umuue. Ukikata miti inayoangusha majani, umeshamwondolea chakula na nyumba.

Kipepeo naye yuko hivyo. Kiwavi hali kila jani. Kila aina ya kipepeo ina mimea yake. Mmea ukiisha, kipepeo naye kwisha.

Ujuzi ukageuka pesa

Mwaka 1993 ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo, wenye makao Gede. Kazi yenyewe ni hii:

1. Mkulima hushika vipepeo wachache msituni, huwaweka katika kizimba chenye mimea wanayoipenda, nao hutaga mayai.
2. Mayai huanguliwa, viwavi hulishwa majani mpaka wajifunge kuwa pupa.
3. Pupa huuzwa kwa mradi, nao huzisafirisha haraka kwa ndege hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani, kabla hazijapasuka.

Vipepeo wa msituni hawamalizwi, kwa sababu wanaouzwa wamefugwa. Lakini bila msitu hakuna mbegu ya kuanzia. Watafiti waliporudi kuwauliza wafugaji hao, walikuta wengi sasa wanataka msitu ubaki.

Tusidanganyane, mradi huu haumalizi shida zote. Si kila jirani anafuga vipepeo, na soko liko mbali. Mwaka 2020, wakati wa korona, safari za ndege zilipokatika, biashara za namna hii ziliyumba. Ndiyo maana ni vizuri kikundi kiwe na kazi zaidi ya moja, kwa mfano kuweka mizinga ya nyuki pia. Mkulima asitegemee mvua moja.

Kikundi chako kifanye nini?

Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zinawapa majirani wa msitu nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Kwanza, jiungeni na chama cha jamii cha misitu. Kama hakipo, kiundeni na mkiandikishe. Pili, chama kiombe ruhusa kwa Huduma ya Misitu ya Kenya na kuweka mapatano ya maandishi. Humo mtataja haki zenu, kama vile asali, kuni, nyasi na dawa za miti, pamoja na wajibu wenu wa kulinda. Msikubali kupewa wajibu bila haki.

Jadilini katika mkutano ujao:

- Msitu wetu una vyumba vingapi, na ni wanyama gani wanaoishi humo?
- Tunachukua nini msituni kuliko kinavyoota?
- Ni kitu gani tunaweza kuuza bila kukata mti?

Waiteni wazee na kina mama wanaookota kuni. Wao ndio wataalamu wa kwanza wa msitu wenu.